Kujenga upya giaboksi ya Massey Ferguson 135

Kwenye MF 135 oili ni moja. Giaboksi, difu na pampu ya haidroliki vyote vinakunywa kutoka beseni moja la takriban lita 30. Kipande cha jino kilichovunjika mbele huishia nyuma, na uchafu utakaouacha ndani ya giaboksi siku ya kufunga ndio utakaochimba pampu. Kwa hiyo kazi hii ni ya usafi kabla ya kuwa ya nguvu. Fundi anayefungua giaboksi chini ya mwembe huku upepo ukipeperusha vumbi amepoteza nusu ya kazi kabla ya kushika spana.

Maelezo haya ni ya giaboksi ya kawaida ya MF 135: gia tatu za mbele na moja ya nyuma, kisha plenetari, yaani seti ya gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati, inayozigawa hai (mwendo wa kasi) na lo (mwendo wa polepole), jumla sita mbele na mbili nyuma. Mpangilio wake ni ndugu wa MF 35 iliyotangulia. MF 240 zina giaboksi za aina zaidi ya moja, na zile za gia nane hutofautiana na hii kwa vipuri, ingawa njia ya kukagua haibadiliki. Kama trekta yako ina Multi-Power, ile swichi ya kubadili mwendo bila kukanyaga klachi, ndani kuna klachi ya haidroliki na pampu yake, na hilo linahitaji mwongozo wake. Dereva wa Multi-Power naye akumbuke kwamba ikiwa kwenye lo, injini haishiki mwendo mteremkoni.

Jua ugonjwa kabla ya kufungua

Giaboksi ikishafunguliwa husikii tena sauti, kwa hiyo isikilize kwanza. Washa injini, acha gia nyutro, klachi ikiwa imeachiwa. Kama kuna mlio unaokufa ukikanyaga klachi hadi chini, tafuta beringi za shafti ya kuingilia na za shafti ya chini, kwa sababu hizo huzunguka hata trekta ikiwa imesimama. Mlio ukija wakati wa kukanyaga badala ya kuondoka, ni beringi ya klachi, au ile ndogo iliyo katikati ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini. Hapo giaboksi yenyewe inaweza kuwa haina kosa.

Ikilia chini ya mzigo kwenye lo na kutulia kwenye hai, mshitakiwa ni plenetari. Ikilia kwenye gia moja tu, tazama meno ya jozi hiyo.

Gia kuchomoka yenyewe wakati wa kulima ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na ndilo linaloponyeshwa vibaya kuliko yote. Watu hununua gia mpya, wakafunga, na baada ya wiki mbili inachomoka tena. Gia huchomoka kwa sababu haikuingia yote, au kwa sababu kuna kitu kinachoisukuma itoke. Haiingii yote kama uma unaoisukuma gia umeliwa, reli (fimbo inayobeba uma) imepinda, au springi na kidude chake cha kushikilia reli vimechoka. Husukumwa itoke kama beringi zimelegea kiasi kwamba shafti mbili hazikai sambamba tena, au kama meno yameliwa kwenye ncha yakawa na umbo la kabari. Mara nyingi utakuta mawili au matatu kwa pamoja, na kubadilisha moja tu ni kurudisha trekta gereji.

Trekta iliyojifunga kabisa, haiendi mbele wala nyuma na klachi ikiachiwa injini inazimika, huenda imeshika gia mbili kwa wakati mmoja. Ncha ya chini ya levu ya gia imeliwa hadi inateleza kati ya reli. Fungua juu, rudisha reli zote nyutro kwa bisibisi kubwa, nayo itatembea. Lakini ncha ile isipojazwa kwa kulehemu na kusagwa hadi unene wake wa awali, au levu isipobadilishwa, itarudia, na itarudia shambani.

Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, kuna maji. Trekta zinazovuruga majaruba ya mpunga, kama Mwea au Mbarali, hunywa maji kupitia sili za ekseli. Zinazolala nje msimu wa mvua hunywa kupitia mpira wa levu uliopasuka. Beringi zilizokaa ndani ya oili ya namna hiyo miezi kadhaa zibadilishwe zote hata kama bado hazilii.

Vya kuandaa

Bolti za MF 135 kwa sehemu kubwa ni za inchi. Spana ya milimita 15 inaingia kwenye kichwa cha 9/16 ikionekana kushika, kisha inakila. Tafuta seti ya inchi: 1/2, 9/16, 5/8, 11/16, 3/4. Ongeza koleo za sakilipu (pete za springi za kufungia) za ndani na za nje, pula ya miguu mitatu, nyundo ya shaba au ya plastiki, vyuma laini vya kugongea, fila geji (vibapa vya kupimia nafasi), na spana ya kupima nguvu. Cheni bloki ya tani 1 kwenye boriti unayoiamini, jeki mbili za toroli, stendi nne za chuma, na kabari mbili za mbao ngumu. Mitungi ya oili chafu yenye nafasi ya lita 30 na zaidi. Mafuta ya taa au dizeli ya kuoshea. Petroli usiitumie, mvuke wake unashika moto kutokana na cheche ndogo tu.

Weka pia mikebe midogo, waya laini na kalamu ya kuandika kwenye chuma. Kila washa (pete bapa) ya plenetari itarudi upande uliotoka, na kumbukumbu haitoshi.

Kukata trekta

Giaboksi iko kiunoni, kati ya injini na nyumba ya katikati, hivyo trekta hukatwa mara mbili ili itoke. Trekta ikikatika kiunoni haisimami yenyewe. Ekseli ya mbele inabembea kwenye pini, na ukishaitenga nusu ya mbele hakuna kinachoizuia kulala ubavu. Gonga kabari za mbao kati ya ekseli na kiti chake, kulia na kushoto, kabla ya kulegeza bolti hata moja. Zuia magurudumu ya nyuma yasiviringike, kwa mbele na kwa nyuma. Stendi ziwe juu ya sakafu ya saruji. Matofali na mawe hupasuka bila kutoa onyo.

Toa waya hasi wa betri kwanza. Mwaga oili ikiwa ya moto, baada ya trekta kutembea kidogo, na fungua plagi zote za chini, ya giaboksi na za nyuma. Oili iliyobaki nyuma itakumwagikia pale utakapotenganisha. Kinga oili ya mwisho kwenye beseni safi na uichunguze: unga laini wa fedha ni uchakavu wa kawaida, vipande vinavyokatika kama kucha ni jino au pete ya beringi, na punje za njano ni busha (bomba fupi ambamo shafti huzunguka) au washa.

Kwa upande wa mbele, toa boneti, fimbo za usukani za pande zote mbili, kebo ya mita, bomba la geji ya oili, bomba la dizeli, nyaya na kiungo cha aksereta. Kwa upande wa nyuma, toa mbao za kukanyagia, fimbo za breki na nyaya za taa. Kisanduku cha usukani kimekaa juu ya giaboksi, kwa hiyo nacho hutoka kabla ya gia kufikika kwa juu. Funga tepu yenye namba kwenye kila waya.

Unapotenganisha nyuma, kumbuka kuna shafti mbili zinazovuka: ya mwendo na ya PTO (inayoendesha mashine zinazofungwa nyuma), ambayo ndiyo inayoendesha pampu ya haidroliki. Vuta moja kwa moja, polepole, jeki zikiwa kimo kimoja. Ikikwama usipige tindo kwenye uso wa kuungana. Tafuta bolti uliyoisahau, kwani mara nyingi ipo.

Kufungua

Osha giaboksi kwa nje hadi uone rangi ya chuma, kisha ndipo ufungue kifuniko. Chini ya kifuniko utaona reli, uma zilizofungwa kwa bolti zenye waya wa usalama, na vidude vya springi vinavyoshikilia reli. Ukivuta reli, springi hurusha kidude chake hadi chini ya meza ya jirani. Funika kwa kitambaa, vuta taratibu, kisha hesabu. Tazama pia pini ya kufungia, ile inayozuia reli mbili kusogea pamoja. Ni ndogo, hupotea, na giaboksi ikifungwa bila hiyo itashika gia mbili siku ya kwanza.

Geukia nyuma. Plenetari imefungwa kwenye ukuta wa nyuma wa giaboksi: pete yenye meno ndani, mbebaji wenye gia ndogo tatu, na gia ya katikati inayotoka kwenye shafti kuu. Kazi yake ni kupunguza mwendo mara 4. Piga alama ya nukta jinsi pete ilivyokaa kabla ya kuitoa, na zipange washa kwenye waya kwa mpangilio wa kutoka.

Shafti kuu hutoka kwa kurudi nyuma baada ya sakilipu yake ya mbele kufunguliwa, na gia zinazoteleza huinuliwa kwa juu. Mbele, fungua nyumba ya shafti za kuingilia pamoja na sili zake. Yenye klachi mbili ina shafti moja ndani ya nyingine, na kila moja ina sili. Shafti ya chini na gia ya rivasi hufuata. Piga picha kwa simu katika kila hatua, hasa upande gia inayoteleza inapotazama. Ikigeuzwa huingia vizuri tu, na utalijua kosa lako wakati kifuniko kimeshafungwa.

Kukagua

Hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea, kwa hiyo tenga muda. Osha kila kitu, kausha kwa hewa, lakini usiizungushe beringi kavu kwa hewa ya kompresa. Hujikwaruza, na inaweza kutawanyika.

Anza na beringi. Tia tone la oili, shika pete ya ndani, zungusha ya nje polepole ukiwa umeiweka karibu na sikio. Ikikwaruza, ikiruka, au pete zikionyesha vishimo na madoa ya kutu, haifai. Kusema kweli, trekta ya umri huu ikishakatwa, beringi zote zibadilishwe. Gharama ya kukata trekta mara ya pili hupita bei ya beringi nzuri iliyokuwa imebaki. Roli za sindano ndani ya gia tatu za plenetari zibadilishwe kama seti nzima. Kuchanganya roli mpya na za zamani hufanya mpya zibebe mzigo peke yake, kwa kuwa ni nene kidogo.

Meno ya gia yana lugha yake. Uso uliong'aa sawasawa ni mzima. Vishimo vidogo katikati ya jino ni uchovu wa chuma. Vikiwa vichache gia inaweza kuendelea, vikishaungana itoke. Ncha zilizomeguka mbele zimesababishwa na dereva kubadilisha gia trekta ikiwa inatembea. Giaboksi hii haina sinkronaizi, kifaa cha kusawazisha mwendo wa gia kabla hazijaingia, kwa hiyo gia hubadilishwa trekta ikiwa imesimama, na wanaovuta matrela barabarani ndio wanaoziua. Jino lililovunjika kwenye mzizi huonyesha mshtuko, au kitu kilichopita kati ya meno. Ukibadilisha gia, badilisha na mwenzake inayokutana nayo. Gia mpya dhidi ya meno yaliyoliwa italia, na italiwa kwa umbo la ile ya zamani.

Pitisha kucha juu ya mifereji ya shafti, ile ambayo gia huteleza juu yake. Kucha ikikwama kwenye ngazi, gia inayoteleza haitasogea vizuri, na kwenye shafti ya kuingilia sahani ya klachi itang'ang'ania. Ngazi ndogo inaweza kulainishwa kwa jiwe la kunolea. Ngazi inayoonekana kwa macho ni shafti mpya.

Uma uupime ndani ya mfereji wa gia yake kwa fila geji. Nafasi ikikaribia milimita 1, au pande zake zikiwa hazijaliwa sawa, badilisha. Reli izungushe juu ya kioo. Iliyopinda itaonyesha mwanga chini yake. Vidude vya springi vikiwa na ubapa kwenye ncha vitupwe, na springi mpya ziwekwe bila kujadili. Ni vipuri vya bei ndogo kuliko vyote kwenye sanduku, na ndivyo vinavyorudisha trekta nyingi gereji vikiachwa.

Kwenye plenetari, angalia washa za pande mbili za kila gia ndogo. Zikiwa zimekonda, gia husogea huku na huku na kula mbebaji. Pini za gia hizo ziwe hazina mstari wa kuliwa. Meno ya pete mara nyingi huchakaa upande mmoja tu, kwa sababu trekta hulima kwenda mbele.

Usisahau nyumba yenyewe. Sehemu beringi inapokaa ikionyesha mng'ao wa kuzunguka, beringi ilikuwa inageuka ndani ya chuma. Kuipiga alama za tindo ili ibane ni dawa ya mwezi mmoja. Peleka kwa fundi wa lezi (mashine ya kuchonga chuma) aweke busha. Tafuta nyufa kwa mafuta ya taa na chaki: paka mafuta, futa, paka chaki, subiri, ufa utajichora.

Kununua vipuri

Nenda dukani na namba ya trekta iliyo kwenye bamba la dashibodi, na kipande cha zamani mkononi. Hesabu meno ya zote mbili kwenye kaunta. Pima kipenyo na urefu, kwa maana gia za giaboksi ya gia nane hufanana kwa macho na hizi. Beringi bandia zimejaa, iwe Kirinyaga Road Nairobi au Kariakoo Dar es Salaam. Namba iliyochongwa vibaya, pete isiyo laini kwa ukucha, au bei iliyo nusu ya duka la jirani, vyote vikuonye. Afadhali gia iliyotumika, ya kiwandani, yenye meno mazima, kuliko gia mpya ya chuma laini. Jaribu kona ya jino kwa tupa: tupa ikiuma kwa urahisi, iache hapo hapo.

Kufunga

Meza safi, mikono safi, na kitambaa kisichotoa nyuzi. Beringi inayobana kwenye shafti ipashe ndani ya oili yenye joto la nyuzi 100 za Selsiasi hivi, lisizidi 120, nayo itateleza mahali pake. Mwali wa gesi huua ugumu wa chuma chake. Ukilazimika kugonga, gonga pete inayobana tu. Ukigonga nyingine, nguvu hupita kwenye gololi na kuzitia vishimo kabla hazijafanya kazi.

Roli za sindano zishikize kwa vaselini au grisi laini, kidogo tu. Zihesabu ukiingiza, kisha ziguse kwa kidole kuhakikisha hakuna iliyolala. Washa zirudi upande wake. Kila gia inapoingia, izungushe kwa mkono kabla ya kuendelea. Sakilipu zote ziwe mpya, na uone kwa macho kwamba zimekaa ndani ya mfereji mzunguko mzima.

Mdomo wa sili hutazama kule oili iliko. Upake oili kabla ya kupitisha shafti, na funika mifereji ya shafti kwa karatasi laini ya plastiki isiukate. Kama sili ya zamani imechimba mstari kwenye shafti, sukuma mpya ikae milimita 2 pembeni ya mstari huo, ikiwa nafasi ipo.

Gasketi ya karatasi kwenye nyumba ya beringi si ya kuzuia oili tu. Unene wake hupanga nafasi ya shafti kusogea. Ukiitoa na kuweka silikoni peke yake, shafti itabana na beringi itaungua. Na silikoni inayopakwa nene hutoka ndani kama minyoo, hukatika, na kuziba chujio la pampu ya haidroliki. Siku hiyo jembe haliinuki, na lawama zinaiangukia pampu.

Reli zikirudi, weka pini ya kufungia na vidude vya springi, funga bolti za uma na kuzitia waya wa usalama mpya. Sasa jaribu kabla ya kifuniko. Ingiza kila gia kwa bisibisi, zungusha shafti ya kuingilia kwa mkono, tazama kila kitu kinapita bila kugusana. Tazama gia ikiwa imeingia: meno yakutane upana wao wote. Jaribu kusogeza reli mbili kwa pamoja. Ikikubali, umesahau pini. Rudia yote kwa hai na kwa lo.

Kabla ya kuunganisha na injini, badilisha beringi ya klachi na ile ya flaiwili, na panga sahani za klachi kwa shafti ya kuingilia ya zamani. Kisha leta nusu mbili pamoja kwa jeki, kimo kimoja, na zungusha flaiwili kidogo kidogo hadi mifereji ikutane. Upande wa nyuma, inua gurudumu moja na ulizungushe, na shafti ya PTO ugeuze kwa mkono. Nyuso zinatakiwa kugusana kwa nguvu za mikono tu. Pengo likibaki la upana wa kidole, usilivute kwa bolti. Bolti zitaweza, lakini zitapinda sahani ya klachi au kupasua sikio la nyumba, na nyumba ya chuma cha kumimina haishoneki kirahisi.

Bolti ya inchi 1/2 yenye mistari mitatu kichwani, yaani daraja la 5, hufungwa kwa takriban Nm 100. Kaza kwa msalaba, kwa awamu mbili.

Oili na majaribio

Tumia oili ya matrekta ya UTTO, inayofaa gia na haidroliki kwa pamoja. Oili nzito ya 140 hupendwa kwa sababu hunyamazisha gia zinazolia, lakini pampu haiwezi kuivuta vizuri asubuhi ya baridi. Oili ya difu ya GL-5 nayo iachwe. Dawa zake zinaweza kula busha na washa za njano. Jaza kwa kijiti cha kupimia, si kwa kuhesabu mitungi, kisha endesha dakika chache, inua na kushusha mikono ya haidroliki, pima tena na uongeze.

Rekebisha uchezo wa pedali ya klachi, hakikisha swichi ya usalama ya kuwashia inakataa trekta ikiwa kwenye gia, kisha washa. Dakika 15 nyutro, kwa kasi ya mizunguko 1,000 kwa dakika, huku ukigusa nyumba kwa mkono. Uvuguvugu unaosambaa ni sawa. Sehemu moja inayochoma mkono karibu na beringi ina maana kuna kitu kimebana, zima. Kisha gia moja moja bila mzigo, kwenye lo na hai, mbele na nyuma. Jembe libaki chini ya mti siku ya kwanza, na saa chache za mwanzo zipewe kazi nyepesi.

Baada ya saa 50 mwaga oili yote ikiwa ya moto, safisha chujio la pampu, na pitisha sumaku kwenye tope la chini. Unga laini kama wa penseli ni wa gia mpya kuzoeana, jaza oili nyingine. Kikitoka kipande kinachoshikika kwa vidole, fungua kifuniko cha juu siku hiyo hiyo, kabla hakijafika nyuma.